Mofa Kabla ya Mafini

Karatasi zinazogawiwa katika wiki za afya vyuoni zina ugonjwa mmoja: huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo chumbani. Niliyopewa mimi muhula huu ilihusu mafini ya matunda yenye protini nyingi kwa asubuhi zenye haraka. Oti vikombe viwili, bluberi kikombe kimoja, mtindi mzito wa Kigiriki, vipimo vitatu vya unga wa protini wa kopo, oveni nyuzi 180 kwa dakika 20, na asubuhi yako imepona. Aliyeigawa alieleza kwamba sisi watu wa pwani tunafungua siku kwa wanga na sukari, ndiyo maana tunasinzia katika mihadhara ya saa mbili. Wenzangu walimzomea. Mmoja alisema yeye ana mahamri yake na mbaazi zake, tena mwacha mila ni mtumwa, na akapigiwa makofi.

Mimi sikupiga makofi. Nadhani yule mgawa karatasi alikosea, na waliomzomea walikosea zaidi yake, kwa sababu yeye alikuwa mgeni na wao ni wenyeji. Nazungumza kama mtoto wa Kibajuni ambaye ukoo wake umetoka Chula, katika safu ile ya visiwa inayoshuka kutoka Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. (Ramani za zamani huandika Tula na Tovai. Wachora ramani walisikia kwa masikio ya Kiswahili cha kwingine.) Nina sababu ya kuuchukulia mkate wa asubuhi kwa uzito.

Nianze kwa kumpa mgeni haki yake. Protini asubuhi si uzushi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwanafunzi wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50. Akinywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na mahamri mawili makavu, ameshiba kwa saa moja na amepata gramu chache tu katika hizo. Na hivyo ndivyo wengi wetu tunavyokula. Mbaazi zinazosifiwa katika mabishano mara nyingi hazimo sahanini, kwa sababu mbaazi huchemka muda mrefu, nazi inataka kukunwa au kununuliwa, na mwanafunzi ana jiko la mafuta moja chini ya kitanda. Anayejivunia mahamri na mbaazi akiwa ametafuna mahamri peke yake anajivunia kifungua kinywa cha mama yake. Chake mwenyewe hakijui.

Mahamri yenyewe ni nini? Ni unga mweupe wa ngano, sukari, tui, hamira na iliki, vikaangwe kwenye mafuta. Ni matamu, sikatai. Lakini ngano haioti pwani yetu, na nchini Kenya ngano inayoliwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje. Mtu anayesema mahamri ndiyo chakula cha mababu anapaswa kuulizwa ni babu yupi, na alilima ngano wapi. Chakula kinaweza kuwa chetu kwa mapenzi bila kuwa cha kale, na kinaweza kuwa cha kale bila kutufaa. Kinachoyaokoa mahamri kilishe ni mbaazi zenyewe. Nafaka zina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na jamii ya kunde ina laisini kwa wingi. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina kama gramu 11 za protini. Waliounganisha vyakula hivi viwili hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na akili. Ukitoa mbaazi ukabakiza mahamri na chai, umebomoa nyumba ukahifadhi mlango.

Sasa turudi kwenye mafini. Wanaoyaona kama kitu cha kishetani kutoka Marekani wangependa kujua kwamba ni mkate wa mtu mvivu tu, na nasema hivyo kwa kuusifu. Haraka yake yote inatokana na bekin pauda, unga ambao Alfred Bird aliutengeneza Birmingham mwaka 1843 kwa ajili ya mke wake aliyekuwa hawezi kula hamira. Hamira ni kiumbe hai, huisubiri ifanye kazi. Bekin pauda ni asidi na magadi: ikikutana na maji na moto hutoa hewa papo hapo. Ndiyo maana mafini hayakandwi. Ukiyakoroga sana, gluteni ya ngano inajifunga na unapata kitu cha kuchezea mpira. Korogo chache za mwiko, mabonge yakibaki yabaki, kisha motoni. Huo ni ujuzi mzuri, na kijana wa Kismayo au Mombasa hapungukiwi kitu akiujua.

Kinachonikera ni kopo. Unga ule wa protini kwa kawaida hutokana na maji yanayobaki baada ya maziwa kugandishwa kuwa jibini, yakakaushwa, yakatiwa ladha ya vanila. Si sumu. Lakini fikiria upuuzi wa kumuuzia kopo hilo mtu wa Jubba ya Chini, nchi ya ng'ombe na ngamia, ambako glasi kubwa ya maziwa ina kama gramu 8 za protini na haihitaji kusomewa lebo. Bei ya kopo moja inazidi ninachotumia kwa chakula kwa mwezi. Na bluberi! Tunda la nchi za baridi linakuja kwetu limegandishwa barafu, lipite bandarini mbele ya maembe, mapapai na ndizi, ili sisi tuwe na afya.

Ndizi hasa. Bonde la Jubba, kuanzia Jilib kupitia Jamaame hadi karibu na Kismayo, lilikuwa nchi ya ndizi kiasi kwamba Waitalia walipokuwa watawala waliunda mwaka 1935 shirika zima la serikali la kuhodhi biashara yake, ili Roma ile ndizi za Somalia. Lakini ndizi hazikusubiri Waitalia ziliwe. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa nyumba ya wanafunzi akaletewa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama na samaki. Pembeni aliwekewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandamana na ndimu ya kachumbari, pilipili, tangawizi na maembe. Aliwashangaa wenyeji kwa wingi wa wanachokula. Hebu isome tena orodha hiyo kwa macho ya yule mgawa karatasi: tunda, maziwa, mgando, samaki. Miaka karibu 700 iliyopita pwani hii ilikuwa na kila kilichomo katika mafini yake isipokuwa kikopo cha bati na vikombe vya karatasi.

Tulikuwa hata na mkate wenyewe. Unaitwa mofa. Kufanana kwa jina na mafini ni sadfa, na naomba mwanafunzi yeyote wa isimu asiende kuandika tasnifu juu yake. Mofa ni mkate mdogo wa mviringo, wa unga wa mtama, unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo hadi uive na kushika rangi. Neno limo katika kamusi zetu. Wasomali wa kusini wanauita muufo, na mtu wa Barawa, wa Kismayo, wa Chula na wa Lamu wote watakuelewa ukilitaja. Unga huchanganywa kwa maji ukaachwa uchachuke kwanza, na uchachu huo una faida kuliko ladha: protini ya mtama ina tabia ya kukazana inapopikwa na kuwa ngumu kusagika tumboni, na kuchachusha kunaifungua. Unga wa mtama ambao haukukobolewa una kama gramu 10 za protini katika kila gramu 100, sawa na ngano nyeupe, lakini una nyuzinyuzi na madini ambayo ngano nyeupe imepokonywa kinuni.

Bibi yangu aliyezaliwa Chula huutaja mofa kwa namna ambayo watu hutaja jamaa aliyekufa. Anasema ulikuwa mkate wa siku zote, na mahamri yalikuwa ya Idi na ya wageni. Leo imegeuka. Mofa umekuwa kitu cha kutafutwa, mahamri ndiyo ya siku zote. Kwa nini? Hapa ndipo wanaopiga makofi kwa ajili ya mila hunyamaza, kwa sababu jibu haliko jikoni.

Visiwa vya Wabajuni ni vikavu. Ni matumbawe, mchanga, visima vya maji ya chumvichumvi na majabia ya kukingia mvua. Nafaka haikulimwa visiwani kwa wingi. Ililimwa ng'ambo, barani, na watu walivuka kwa mashua kwenda mashambani na kurudi. Mtama wa mofa ulitegemea usalama wa kuvuka. Upande wa Kenya, vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwafukuza Wabajuni kutoka vijiji vyao vya bara kaskazini mwa Lamu, wakabanana visiwani. Upande wa Somalia, dola ilipoanguka mwaka 1991 wenye bunduki waliwajia watu wasio na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwalinda. Mashua ziliporwa, nyavu zikaporwa, watu wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Wengi waliwekwa katika kambi ya Jomvu, na katika miaka hiyo hiyo ya 1990 kambi ikafungwa na watu wakarudishwa visiwani. Waliporudi, wazee wetu wanasema, mashamba ya bara hayakuwa tena ya kwao kulima.

Mtu asiye na shamba hula kinachokuja kwenye gunia. Na kwenye gunia hakukuja mtama wa kuchachusha. Umekuja unga mweupe, mchele na sukari, kwa meli au kwa msaada, na hata msaada haukuwa wa kutegemewa: Januari 2010 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha kazi kusini mwa Somalia kwa sababu ya vitisho, na mwaka uliofuata njaa ikatangazwa rasmi katika sehemu za kusini. Sukari ndiyo isiyokosekana kamwe. Kiwanda kikubwa cha sukari cha Mareerey kwenye Jubba, kilichofunguliwa mwaka 1980, kiliuawa na vita, lakini bandari ya Kismayo imekuwa njia ya sukari ya nje hata kwa magendo ya kuingia Kenya, jambo ambalo waandishi wa habari wamelieleza mara nyingi. Kwa hiyo mwanamke wa kisiwani anayemwamsha mtoto na kumpa andazi la unga mweupe na chai tamu hakuiacha mila. Aliachwa na mtama. Kumwambia kwamba mwacha mila ni mtumwa ni kumtukana mara mbili, na kumpa karatasi ya bluberi ni kumtukana mara ya tatu.

Mtu atauliza: si wana samaki? Swali zuri, na ndilo linaloniuma. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina zaidi ya gramu 20 za protini. Samaki wa ng'onda, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, ana protini nyingi zaidi kwa uzito uleule, maana maji yametoka na nyama imebaki. Wabajuni ni wavuvi tangu jina hilo lijulikane, wajenzi wa mitepe, watu wa kusoma kusi na kaskazi. Lakini tangu 1991 meli kubwa za kigeni zimevua katika bahari ya Somalia bila wa kuzizuia, na mvuvi mdogo aliyepoteza mashua huvua kwa deni. Ami yangu hueleza hesabu ya deni hilo kwa ufupi: anayekukopesha nyavu na mafuta ndiye anayepanga bei ya samaki wako. Kamba na samaki mzuri wanakwenda mjini kwenye barafu. Nyumbani panarudi pesa, pesa inanunua unga na sukari. Protini imetoka nyumbani kwa mlango wa mbele ili wanga uingie kwa mlango wa nyuma. Hakuna mapishi yanayotibu hilo, na yeyote anayetuhutubia kuhusu protini ya Kibajuni bila kutaja nani mwenye mashua anatupotezea wakati.

Nimesema chakula kwetu ni jambo zito, na nieleze kwa nini halihusu tumbo peke yake. Wabajuni walioomba hifadhi Uingereza wamehojiwa ili wathibitishe kwamba kweli ni Wabajuni: waliulizwa kuhusu visiwa, kuhusu maisha ya huko, na zaidi ya yote lugha yao ilipimwa. Kuna hukumu ya mahakama ya rufaa ya uhamiaji ya mwaka 2004 inayohusu suala hilohilo, uwezo wa kuzungumza Kibajuni. Mtoto aliyekulia Mombasa, Kiswahili chake kikawa cha Mombasa, alijikuta anashukiwa. Ukishawaona watu wanaombwa kuthibitisha nyumbani kwao kwa maneno, huwezi tena kuliona neno kama mofa kuwa pambo la kamusi. Neno likikosa kitu chake kwa kizazi kimoja, kizazi kinachofuata hulijua kama jibu la mtihani.

Ndiyo maana siungani pia na wale wanaotaka mofa uwekwe makumbusho. Nataka uliwe, na uliwe asubuhi yenye haraka, na mwanafunzi asiye na tanuri. Na hapa, kwa kinyongo kidogo, nakubali kwamba mafini yanaweza kuufundisha mofa kitu.

Jambo hili nimelijaribu jikoni kwa shangazi, Mombasa, mara nyingi kiasi cha kuchukiwa. Chukua ndizi tatu zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi, uziponde. Tia mayai matatu, kikombe kisichojaa cha maziwa ya mgando, na robo kikombe ya mafuta. Unga uwe gramu 150 za mtama na 100 za ngano. Mtama hauna gluteni, na bila ngano kidogo au yai la kutosha keki inamomonyoka kama ukuta wa udongo uliopigwa na masika. Ongeza gramu 50 za ufuta uliokaangwa ukatwangwa, vijiko viwili vidogo vya bekin pauda, chumvi na iliki. Sukari usitie. Ndizi ya madoa meusi imeshageuza wanga wake kuwa sukari na inatosha. Ukitaka faida ya uchachu, loweka unga wa mtama katika mgando usiku kucha, kisha tia vingine asubuhi. Inatoka rojo ya kujaza vikombe kumi na viwili.

Hesabu yake kwa makadirio ni hii. Mayai yanaleta gramu 18, mgando 7, mtama 15, ngano 10, ufuta 9, ndizi 3. Jumla kama 62, kwa hiyo kila kimoja kina gramu 5. Viwili ni 10. Karibu sawa na kikombe cha mbaazi, na nusu tu ya kipande cha samaki. Nawaomba waliovutiwa na neno "protini nyingi" waitazame hesabu hii vizuri. Mafini, hata yakitengenezwa kwa akili, ni chakula cha wastani kinachobebeka. Ukitaka yazidi hapo lazima utie kopo, na kopo ndilo linalouzwa. Karatasi ile haikuwa mapishi. Ilikuwa tangazo lililovaa aproni.

Matunda mengine nayaacha nje ya unga. Embe bivu lina vitamini C ambayo moto huiharibu kwa sehemu, na mtu mwenye embe mkononi hana sababu ya kulioka. Papai, hasa likiwa halijaiva vizuri, lina kimeng'enya kinachovunja protini. Wapishi wa pweza wanajua hilo vizuri, na ukilitia bichi kwenye mgando likakaa, mgando unakuwa mchungu. Kula tunda pembeni. Ubuyu na ukwaju vinatiwa kwenye uji kwa raha zaidi kuliko kwenye keki. Kunazi, tunda la pwani kavu ya kaskazini, nimelikausha na kulitia badala ya zabibu kavu, na hili nalipendekeza, ila mtoe kokwa kwanza kama mnayapenda meno yenu.

Oveni? Sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ndani, kifuniko cha bati, makaa chini na makaa juu. Bibi zetu walioka mkate wa mayai na mkate wa sinia kwa kupalia makaa juu ya kifuniko, na hakuna aliyeuliza nyuzi ngapi. Lakini makaa nayo si jambo la kupita haraka. Makaa ya Kismayo yamekata misitu ya migunga na kujaza majahazi ya kwenda Ghuba hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku usafirishaji wake Februari 2012, na biashara haikufa mara moja. Kwa hiyo oka mara moja kwa wiki vitu vingi pamoja, usiwashe jiko kila alfajiri kwa ajili ya vikeki viwili. Vinakaa siku tatu vikifunikwa, na siku ya pili ni vitamu zaidi.

Na hilo linanileta kwenye neno lililonikera kuliko kopo: "haraka". Haraka ya nani? Mvuvi wa Koyama anaondoka na maji, na maji hayasubiri mtu. Huyo hajawahi kuwa na asubuhi ya polepole. Haraka yake ilitatuliwa zamani na mtu mwingine aliyeamka kabla yake, akakoleza tanuri na kumfungia mkate. Tunapozungumza kuhusu kifungua kinywa cha asili tunasahau kwamba asili hiyo iliamka saa kumi usiku na ilikuwa mwanamke. Wavulana waliopiga makofi kwa ajili ya mahamri na mbaazi, nani alikuwa anakuna nazi? Kama mafini yana jambo moja la kimapinduzi, ni kwamba mvulana mwenye bakuli na mwiko anaweza kuyatengeneza kwa dakika kumi bila kufundishwa kukanda. Basi na atengeneze. Mimi ni mwanamke na nimechoka kusikia mila zikitetewa na watu wasioosha sufuria.

Najua mwalimu mmoja au wawili watasema insha hii imekosa mahali pake, kwamba idara ya Kiswahili ina fasihi na isimu, jikoni ni kwa watu wa sayansi kimu. Najibu kwamba karatasi ile ya afya iliandikwa yote kwa Kiingereza, ikagawiwa katika chuo cha pwani, na hakuna aliyeona ajabu. Watu wa sayansi kimu wana takwimu za mtama lakini hawana maneno ya kumwambia mama wa Chula. Sisi tuna maneno na tunayatumia kuchambua riwaya tu. Kama idara ingekusanya kwa semesta moja majina ya mikate ya pwani hii kutoka Barawa hadi Kilwa, na namna kila mmoja unavyotengenezwa, kutoka kwa wazee waliopo, tungekuwa na kitu cha kuwapa watu wa afya kabla hawajaenda kutafsiri bluberi.

Imebaki hoja moja ya kweli dhidi yangu. Rafiki yangu anasema mtama sokoni ni shida kuupata umesagwa, na mofa wenyewe ameusikia kwa bibi tu, hajauona. Muufo wapo wanaouoka hadi Eastleigh, Nairobi, kwa wateja wa Kisomali. Aende akaulize. Ila aulize unga, kwa sababu siku hizi mara nyingi ni mahindi. Akitaka wa mtama aagize siku moja kabla, kwani ni lazima uchachuke.